Mkanda wa Mashine ya Sarpan

Comal, 6 Aprili 1987

Mzee Sarpan,
Karakana ya Sarpan, Ceper, Klaten

Mzee wangu, shikamoo.

Hunijui nami sikujui, lakini jina lako nalisoma kila siku nikienda kisimani, maana limeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye droo ya mashine ya kukereza vyuma, iliyo bandani nyuma ya jiko la mama mkwe wangu. Mama mkwe wangu! Samahani, bado nikiandika maneno hayo natabasamu peke yangu. Nimeolewa mwezi uliopita na Mas Kuswadi (naam, namwita Mas, kama mke anavyomwita mumewe), fundi, mwanaume mwenye sauti laini kiasi kwamba hata akikuomba chumvi unahisi umeimbiwa.

Sasa yuko Surabaya, anatengeneza meli bandarini, na kitanda chetu bado kinanuka vanishi. Kabla hajapanda basi alinishika mikono akasema, "Kinasih, siku mashine hii itakapozunguka, mimi siondoki tena. Nafungua karakana hapahapa, nakula chakula chako mchana na jioni. Imekosa mkanda tu."

Mkanda tu, Mzee! Yaani kati yangu na mume wangu hakuna bahari wala mlima, kuna mkanda. Nimeamua kuununua kimyakimya ili akirudi Idi aikute mashine inazunguka. Nilikwenda duka la vipuri Pemalang, muuzaji akaniuliza, "Mkanda wa nini, dada, wa suruali?" Nikasema wa mashine. "Mashine gani? Upana gani? Urefu gani?" Wateja wakacheka, nikarudi na mwavuli wangu tu.

Ndiyo maana nakuandikia wewe uliyekuwa nayo. Nilichokiona ni hiki. Kuna mwili mrefu wa chuma. Kushoto kuna kichwa, na ndani ya kichwa kuna kitu kama keki tatu za harusi zilizopandishana, kubwa, ya kati na ndogo. Kulia kuna kidude kinachoteleza, kina ncha kama mdomo wa ndege. Sakafuni kuna mota. Tafadhali niambie mkanda wake ni wa kipimo gani, nami nitakuombea dua maisha yangu yote.

Mwanao,
Kinasih, mke wa Kuswadi (naipenda sana sehemu hii ya sahihi yangu)


Ceper, 13 Aprili 1987

Bi Kinasih,

Mzee Sarpan alifariki mwaka juzi. Barua za karakana nazijibu mimi, na shikamoo yako nitamfikishia nikienda kufyeka makaburini.

Keki zako zinaitwa puli ya ngazi. Mkanda ukikaa kwenye ngazi kubwa mashine inakwenda polepole kwa nguvu, ukikaa kwenye ndogo inakwenda kasi. Mdomo wa ndege ni kichwa cha nyuma, kinashikilia mwisho wa chuma kinachokerezwa. Na mashine hiyo haina mkanda mmoja, ina miwili. Wa kwanza ni wa mpira, mpana juu na mwembamba chini, unatoka kwenye mota kwenda kwenye mhimili wa nyuma. Wa pili ni bapa, wa ngozi, unatoka kwenye mhimili wa nyuma kuja kwenye hiyo puli uliyoiona.

Kwa hiyo zunguka nyuma ya mashine utazame. Panatakiwa pawe na mhimili mfupi wenye gurudumu kubwa, pamoja na puli nyingine ya ngazi iliyogeuzwa, ndogo ikitazamana na kubwa. Kama upo, niambie. Kama haupo, niambie pia, na unieleze mumeo alisema mashine aliipata wapi.

Msimamizi,
Karakana ya Sarpan


Comal, 20 Aprili 1987

Msimamizi mpendwa,

Poleni sana kwa msiba. Nililia kidogo kwa ajili ya Mzee ingawa sikumjua, siku hizi nalia upesi, ni mapenzi.

Nilikuwa nimeshapima kabla barua yako haijafika, nisije nikachelewa. Nilifunga uzi wa kushonea kuanzia kwenye mota mpaka kwenye zile keki, nikarudia mara kadhaa, na kila nilipopima ulitoka mrefu zaidi. Mama mkwe alinikuta nimepiga magoti nimezungukwa na nyuzi. "Ukimaliza kuishonea mashine gauni," akasema, "njoo utwange pilipili." Nikamwambia, "Mama, naitengeneza ili mwanao abaki nyumbani." Akaninyanyua magotini. "Liache dude hilo, mwanangu, litakuvunja mkono." Ana huruma sana.

Nyuma ya mashine nilizunguka. Kuna mikono miwili ya chuma yenye grisi kavu na matundu ya bolti, na kati yake hakuna kitu. Buibui tu.

Umeniuliza aliipata wapi. Hadithi yenyewe ni ya kusikitisha na nzuri. Aliinunua kwa Mzee Sarpan, ambaye alimpenda kama mwanawe. Wakati huo Mas alikuwa na mke wa kwanza, lakini mwanamke huyo hakuweza kuvumilia harufu ya oili, akamkimbia na muuza vitambaa wa Jakarta. Fikiria! Mume kama yule! Harufu ya oili kwenye shati lake ndiyo ninayoilalia mimi sasa, sijalifua tangu aondoke.

Je, mkanda wa kutoka kwenye mota moja kwa moja hautafaa?

Kinasih, mke wa Kuswadi


Ceper, 27 Aprili 1987

Kinasih,

Uzi wa kushonea hutanuka, kama ahadi za bwana harusi. Na ukiifunga mota moja kwa moja kwenye puli ya kichwa, mashine itazunguka kwa kasi isiyo yake na kurusha chuma mpaka kwenye paa. Usiguse swichi.

Sasa kaa chini. Mke aliyekimbilia Jakarta na muuza vitambaa ni mimi. Nimekimbia sana, nimefika mpaka karakana ya baba yangu, mlango wa pili kutoka nyumba yetu, na kitambaa pekee nilichonacho ni tambara la kufutia grisi.

Hakuinunua mashine. Baba alitupatia nilipoolewa. Tulipoachana wazee walikaa wakagawa mali kwa desturi unayoijua, mwanaume abebe mti begani wenye vikapu viwili, mwanamke abebe kimoja mgongoni, yaani mafungu mawili yake, moja langu. Baba alisema mashine haigawanyiki. Mzee mmoja akamjibu, "Sarpan, hata mbuzi hugawanyika." Basi Kuswadi akachagua fungu lake: mwili, kichwa, kila kizito kinachoonekana. Nikaulizwa mimi nataka nini. Nikasema, nipeni mhimili wa nyuma na puli yake. Wazee walicheka, wakasema mwanamke huyu hajui mali. Kuswadi hakucheka. Yeye ni fundi, alijua amebaki na jiwe la kukalia.

Vyuma hivyo viko chini ya meza ninayoandikia. Kwa hiyo mashine yako haikukosa mkanda. Imekosa theluthi yake, na mumeo alisimama pale akaniona nikiibeba. Aliyekuahidi kubaki siku itakapozunguka amekuahidi siku isiyokuwemo kwenye kalenda.

Fua hilo shati.

Rumiyah binti Sarpan


Comal, 2 Mei 1987

Bi Rumiyah,

Barua yako niliichana, kisha nikaiokota nikaibandika kwa wali, ili nijue vizuri nilichokasirikia. Nimefunga, kwa hiyo sitasema yote.

Nilimwendea mama mkwe, alikuwa anachambua mchicha. "Mama, Rumiyah ni nani?" Akasema, "Nani kakutajia?" Nikasema nimeandikiwa. Aliendelea kuchambua mpaka nikaona anatupa majani na kuweka mizizi sufuriani.

Sawa. Basi Mas alinificha. Huenda aliona aibu. Huenda mtu aliyeumizwa hufunika kidonda kwa hadithi, na mimi nampenda pamoja na hadithi zake. Lakini nikuulize nawe: ulikuwa na mashine nzima, ulikuwa na puli na mikanda na baba fundi, na bado hakubaki kwako. Huoni kwamba tatizo halikuwa chuma? Mimi sina kitu hata kimoja, ila nina moyo ambao anaijua njia yake. Akikuta inazunguka atabaki. Najua kama ninavyojua jina langu.

Niuzie puli. Taja bei, nitauza bangili za harusi.

Kinasih, mke wa Kuswadi


Ceper, 9 Mei 1987

Kinasih,

Bangili zako vaa. Puli siiuzi, nakupa.

Usidhani nimelainika. Ulilouliza limeingia pabaya. Alipokuwa hapa kila baada ya miezi michache alipata safari, mara Cilacap, mara Surabaya, na aliporudi alisema angetulia kama karakana ingekuwa yake na si ya baba mkwe. Nilimwamini. Kisha sikumwamini, nikaanza kujitazama kwenye kioo, nikitafuta ni wapi pananifukuzia mtu. Mpaka leo sijui kama alikuwa anaikimbia karakana au alikuwa ananikimbia mimi. Kwenu banda ni lake, mama ni wake, na mke mpya anamsifu hata kwa watu asiowajua. Hapo hana cha kusingizia. Basi tujue wote wawili.

Lori la kiwanda cha kuyeyushia chuma linapeleka mzigo Pekalongan wiki ijayo, dereva atapitia kwenu. Mhimili ukifika, ufunge kwenye ile mikono miwili, utie oili mpaka uzunguke kwa kidole.

Mkanda wa mpira: pima mdomo wa mfereji wa puli ya mota, juu, si chini. Utakuta milimita kumi na tatu, huo ni saizi A. Ukiuvisha, mgongo wake ulingane na ukingo wa puli. Ukizama ukagusa chini, utateleza na kuungua. Urefu usipime kwa uzi, tumia waya mwembamba, na mota iwe katikati ya nafasi yake ya kusogea.

Mkanda wa ngozi: peleka waya kutoka ngazi ya kati mpaka ngazi ya kati. Kata ngozi pungufu ya waya kwa upana wa kidole gumba, kwa sababu itatanuka. Upande laini utazame puli, wale wasioelewa hugeuza. Ncha uziunganishe kwa ndoana za waya, ukiwa umeshaupitisha kwenye kichwa, la sivyo itabidi ung'oe mashine yote.

Rumiyah


Comal, 22 Mei 1987

Dada Rumiyah!

Inazunguka! Inazunguka, inazunguka! Naandika nikiwa na grisi mpaka kwenye nyusi, na ukigusa karatasi hii pale ilipochafuka ujue ni machozi yaliyochanganyika na oili.

Nilikosea kwanza, utacheka. Niliupima mzunguko wa nje kwa waya, ukatoka inchi arobaini na nne, nikaenda Pemalang kwa yule muuzaji wa suruali nikasema kwa sauti ya kifundi, "A arobaini na nne." Akanipa. Nilipouvisha ukaning'inia kama mkufu. Kumbe namba inayoandikwa ni ya mzunguko wa ndani! Nikarudi kuomba arobaini na mbili. Akasema, "Dada, leo umekuja kunifundisha au kununua?" Nikasema, "Vyote." Ngozi nilikatiwa na fundi wa hatamu za farasi, upande laini ndani, pungufu ya gumba langu.

Mama mkwe alikuja mlangoni na unga mikononi. Alisikiliza. Nikadhani atafurahi, akasema tu, "Sauti ileile ya kule Ceper," akarudi jikoni. Nadhani alikumbuka zamani.

Mas hajui kitu. Nimemwandikia tu kwamba nina zawadi. Dada, nilikuandikia vibaya siku ile, nisamehe. Wewe umenipa mume wangu. Akishafungua karakana nitakualika, mtapeana mikono kama watu wazima, nami nitapika mchuzi wa nyati mpaka msahau yote.

Mdogo wako mwenye furaha kuliko wote Comal,
Kinasih


Surabaya, 6 Juni 1987

Kinasih, nuru ya macho yangu,

Nimefika salama. Chumba hiki cha kupanga ni kidogo lakini nikifumba macho unaingia wote, na harufu yako ya asumini.

Usiendelee kujilaumu kwa ule mkanda, mpenzi. Si kosa lako. Ngozi za siku hizi ni mbovu, ng'ombe wenyewe hawali vizuri. Ulijitahidi, na mwanamke anayejitahidi hivyo kwa ajili ya mumewe hapatikani kila kijiji. Lakini sasa pumzika. Usinunue mwingine mpaka nitakaporudi niuchague mwenyewe, maana mashine ya zamani inataka mkono unaoijua. Na usiwasumbue watu wa mbali kwa barua, watu hupenda kusema mengi.

Bosi ameniomba nisaini mwaka mwingine. Nilitaka kukataa, lakini mashine imesimama, nyumbani ningefanya kazi gani? Nimesaini kwa moyo mzito.

Siku itakapozunguka tena, mimi ni wako moja kwa moja.

Kuswadi wako


Comal, 11 Juni 1987

Dada Rumiyah,

Nakuandikia ingawa nimeambiwa nisiandike. Nahitaji msaada wako wa kipimo tu.

Mkanda wa ngozi umekatika. Alipofika usiku wa kuamkia Idi nilimfumba macho kwa mtandio nikampeleka bandani nikawasha. Alifumbua akasimama. Akaigusa ile puli kwa kiganja, polepole, akasema, "Kumbe." Basi, kumbe tu. Hakuniuliza imetoka wapi. Nilidhani amezidiwa na furaha.

Siku ya Idi aliwaonyesha majirani. Kesho yake alimkerezea jirani mmoja bolti ya pampu, watu wakaanza kuleta kazi, mmoja kaleta ekseli ya gari la farasi, mwingine akasema, "Kuswadi, sasa hatukuachii uondoke!" Akacheka nao. Asubuhi iliyofuata tulikuta mkanda uko chini. Nililia sana, akanibembeleza, akasema huenda niliukata mfupi mno ukavutika kupita kiasi. Alikaa siku moja zaidi akaondoka, kwa sababu hapakuwa na kazi ya kufanya.

Kwa hiyo naomba uniambie, gumba lako ni pana kuliko langu? Nipunguze kiasi gani safari hii? Nataka nikate mwingine taratibu bila kosa. Naamini kabisa ni kosa langu.

Kinasih


Ceper, 17 Juni 1987

Kinasih, mdogo wangu,

Gumba lako halina kosa. Mkanda ukiwa mfupi mno hupiga kelele, huchemsha beringi, unanusa grisi ikiungua. Huo wako ungekuambia siku ya kwanza.

Nenda ukauchukue popote ulipouweka. Sitaki uniletee. Utazame mwenyewe, mchana, nje kwenye mwanga.

Tazama kwanza umekatikia wapi. Mkanda wa ngozi ukifa kwa kazi hufia kwenye ndoana: matundu yanavutika, ngozi inachanika kati ya tundu na tundu. Ndoana zikiwa bado zimeshikana vizuri, basi haukufa kwa kazi. Halafu tazama ncha. Ngozi iliyochoka hupasuka kuanzia ukingoni, inatoa nyuzi kama ndevu, upande mmoja mrefu na mwingine mfupi. Hakuna mkanda unaochoka sawasawa kutoka ukingo mpaka ukingo.

Mikanda yetu nayo ilikuwa ikikatika. Baba aliilaumu ngozi, mimi nikamlaumu Baba. Vipande nilikuwa navitupa jikoni, vinawasha moto vizuri. Sikuwahi kutazama ncha hata moja. Ningetazama, nisingehangaika na kile kioo.

Rumiyah


Comal, 24 Juni 1987

Dada Rumiyah,

Ndoana zimeshikana zote. Umekatika shubiri moja kutoka kwenye ndoana, na ncha ni safi. Nimeziweka pamoja zikakutana mpaka mstari hauonekani. Nimepitisha kidole kutafuta ndevu, hakuna. Karibu na ukingo mmoja kuna mkwaruzo mdogo, pale alipoanza akasita, au pale nilipojigeuza kitandani akadhani nimeamka.

Nilimpelekea mama mkwe uani nikamwonyesha. Akafuta mikono kwenye sarong aliyojifunga kiunoni. "Baba yake alikuwa anautoboa mtumbwi wake mwenyewe, kisha analaumu mbao," akasema, na akaniomba nimpishe apite.

Ulitaka kujua kama ni karakana au ni wewe. Hakuwa wewe, dada. Na mimi nilikuandikia yale maneno kuhusu moyo. Naona aibu hata kuyakumbuka.

Yule mwenye ekseli amekuja mara mbili kuuliza. Fundi wa hatamu amenikatia ngozi nyingine, ipo mezani, sijaivisha. Barua ya Mas sijaijibu. Nimeanza kuandika "Mpenzi" nikaishia hapo, si kwa hasira, ila sikujua neno linalofuata. Ukitaka puli yako niambie, dereva wa lori anapita mwisho wa mwezi. Ukiniachia, niambie pia.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Asubuhi ile ya mkanda, kabla hatujaenda bandani, niliingia jikoni nikakuta kisu changu kimeoshwa, kimefutwa, kimerudishwa mahali pake. Nilimwita mama mkwe aje aone. Nikamwambia, "Tazama mwanao, Mama, mwanaume gani anamwoshea mkewe kisu?" Nikatoka nikawaambia na majirani.

Kinasih